Mwamba Ngoma na Goti la Terekeka: Je, Mshabiki Aweza Kuwa Mwadilifu?

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na aghalabu tumeifasiri kuwa ni lawama, yaani kila mtu akipewa nafasi hupendelea nafsi yake. Lakini hebu tuitazame tena. Mwamba ngoma asipoivuta ngozi, ngoma haiwambiki kabisa. Akiivuta upande mmoja tu, ngozi hupinda na sauti huharibika. Yampasa avute, na yampasa vile vile azunguke, avute na pande nyingine kwa kiasi chake. Kwa hiyo kosa la mwamba ngoma si kuvuta, bali ni kusahau kuzunguka.

Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali moja dogo kwa umbo, ila zito kwa maana: je, mtu aipendaye timu ya kwao aweza kusema kweli juu ya timu ya wenziwe? Au upenzi na ukweli ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja? Twawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wenzetu, watuvumilie tukianza na kisa cha barazani kabla ya kuingia katika hoja.

KISA CHA GOTI

Wageni wengi wanaofika Juba hudhani kwamba mchezo wa mji huu ni kandanda peke yake. Kandanda ipo na inapendwa. Tarehe 10 Julai 2012, mwaka mmoja na siku moja baada ya uhuru, timu ya taifa ilicheza papa hapa mechi yake ya kwanza ya kimataifa tangu kujiunga na FIFA, ikatoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Uganda. Hata hivyo, mchezo wenye mizizi ya kale zaidi katika nchi hii ni mieleka.

Mieleka huchezwa na makabila kadhaa ya wafugaji. Wako Wamundari, ambao makao yao ni kaunti ya Terekeka, kaskazini mwa Juba kando ya Mto Naili. Wako Wadinka wa Bor, walio mbele zaidi kuteremka mto huo huo, ng'ambo ya mashariki. Kwao mieleka ni mchezo wa kiangazi, mavuno yakiisha na vijana wakipata nafasi, kambi moja ya ng'ombe ikaialika nyingine. Wanamieleka hujipaka majivu, huvaa shanga, na hufika wakisindikizwa kwa ngoma na nyimbo za sifa. Hakuna ngumi, mshindi ni yule amwangushaye mwenziwe. Tangu miaka ya uhuru wa mwaka 2011, mchezo huu umekuwa ukiletwa mjini na kuchezwa uwanjani mbele ya maelfu ya watu, kaunti kwa kaunti na jimbo kwa jimbo, na mshindi mara nyingi hutuzwa ng'ombe.

Basi pambano la Terekeka na Bor likikaribia, kazi hupungua mjini. Chini ya mwembe mmoja, ambapo mama mmoja huuza chai ya tangawizi juu ya jiko la makaa, sisi hupita jioni tukitoka shuleni. Hapo tulimkuta mzee mmoja wa Terekeka akibishana na kijana wa Bor. Mzee alizungumza Kiarabu cha Juba. Kijana alikulia kambi ya Kakuma, Kenya, akachanganya Kiarabu hicho na Kiswahili kila alipotuona, kana kwamba anataka mwalimu amtie alama. Maneno yao tunayaeleza hapa kwa lugha yetu.

Mzee alisema kwamba vijana wa Terekeka wanatoka kambini, wananyonya nguvu za maziwa asubuhi na jioni, ilhali vijana wa Bor wamekaa mjini mno, wamelegea kama ugali wa jana. Kijana akamjibu, "Mzee, maneno haya haya uliyasema mara iliyopita. Nani alibebwa mabegani siku ile?" Mzee akasema siku ile ardhi ilikuwa imeloa, na mwamuzi hakuona vizuri. Kijana akataja wanamieleka watatu wa Bor, mmoja mmoja, kimo chake, mkono wake na watu aliowaangusha. Mzee naye akamtaja kijana mmoja wa kwao, akasema, "Huyu peke yake atawamaliza hao watatu."

Kijana alipoondoka, mzee alitusogelea, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba yule tegemeo la Terekeka alikuwa ameumia goti, na hakuna ajuaye ila watu wa kambini. Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akatutazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Mwalimu," akasema, "unataka niwape watu wa Bor goti la mtoto wangu?"

Siku ya pambano ilifika. Tegemeo la Terekeka alishika vizuri mwanzoni, kisha goti likamsaliti, akaangushwa na mmoja wa wale watatu. Jioni iliyofuata tulikuwa chini ya mwembe ule ule. Kijana alipokuja, mzee hakumngoja aketi. "Ni goti," akasema. "Alikuwa na goti tangu mwezi uliopita." Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo tumelifikiri tangu siku hiyo hadi leo: "Mzee, ungelisema juzi, ningelikuamini, na huenda ningelimhurumia. Ukilisema leo, unatunyang'anya ushindi wetu."

Watu wote barazani walinyamaza. Mzee alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mtoto wenu ana nguvu. Hata bila ya goti, ingekuwa kazi."

HAKI YA KUNYAMAZA NA BEI YAKE

Tukikipima kisa hiki, tutaona kwamba mzee alifanya mambo matatu mbalimbali, ambayo kwa haraka tungeweza kuyaita jina moja la upendeleo. Kwanza, alificha udhaifu wa mtu wake. Pili, aliukana uwezo wa wenziwe, aliposema kwamba ushindi wao wa zamani ulikuwa wa tope na wa mwamuzi. Tatu, baada ya kushindwa, alilitoa goti nje kama kisingizio.

Jambo la kwanza hatuoni kuwa ni dhambi. Mshabiki hakula kiapo cha shahidi mahakamani. Goti lile halikuwa lake, lilikuwa siri ya kijana na ya kambi yake, na mtu hawajibiki kumtolea mshindani kila alijualo. Mzazi hatangazi sokoni kasoro za mwanawe, na hakuna amwitaye mwongo kwa sababu hiyo. Upenzi, basi, unampa mtu ruhusa ya kunyamaza.

Jambo la pili ni la namna nyingine kabisa. Kuukana uwezo wa mwenzako si kuficha kilicho chako, bali ni kuchukua kilicho chake. Wanamieleka wale wa Bor walikuwa wamewaangusha watu mchana kweupe, na mzee aliwaona kwa macho yake. Sifa ile ilikuwa mali yao kama ng'ombe waliotuzwa. Wahenga walilisema hili kwa ufupi ambao hatuwezi kuupita: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii haitukatazi kuwa na upande; yaani hata yule tunayemtaka ashindwe ana haki yake, na haki hiyo haimtoki kwa sababu ya kutokuwa wa kwetu.

Jambo la tatu ndilo lililotufunza zaidi, na heshima ya kuliona ni ya yule kijana. Aliyenyamaza kabla ya pambano amenunua ukimya wake, na bei yake ni hii: asilitaje lile jambo baada ya pambano. Goti lililofichwa ili kuwatisha wenzetu haliwezi kutolewa kesho yake ili kuwapunguzia ushindi. Tukifanya hivyo tunakula pande zote mbili: tukishinda, tumeshinda, tukishindwa, hatukushindwa. Na mtu asiyeweza kushindwa kwa vyovyote hashindani tena, anajidanganya tu. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kwa hiyo twaweza kuweka mpaka hivi: kumpenda wa kwetu kunatupa ruhusa ya kunyamaza juu ya udhaifu wetu, lakini hakutupi ruhusa ya kuwapokonya wenzetu stahili yao, kabla ya mchezo wala baada yake.

WANAOTAKA PANDE ZIFUTWE

Yamkini msomaji atasema kwamba tunapoteza wakati kutafuta adabu ya ushabiki, na kwamba dawa ni kuufuta kabisa. Hoja hii si ya kudharauliwa, hasa kwa mtu aishiye Juba. Tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalianza katika mji huu, yakaenea nchini. Na mwezi wa Julai 2016 yakarudi tena mjini. Katika siku hizo swali "wewe ni wa wapi?" halikuulizwa kwa mzaha. Baina ya wafugaji wa mto huu nao, ugomvi wa ng'ombe na malisho umewahi kumwaga damu. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akiogopa kuwaona vijana wamesimama pande mbili, kila upande ukiimba jina la kwao.

Historia nayo inampa ushahidi. Katika mji wa Konstantinopoli palikuwa na washabiki wa mbio za magari ya farasi, waliogawanyika kwa rangi, Buluu na Kijani. Walizoea kupigana wenyewe kwa wenyewe mitaani. Mwezi wa Januari mwaka 532 waliungana kumwasi Kaisari Justinian. Sehemu kubwa ya mji ikaungua, na mwanahistoria Procopius ameandika kwamba watu zaidi ya 30,000 waliuawa ndani ya uwanja wa mbio. Kumbe ushabiki waweza kuwa jeshi lililolala.

Hata hivyo, kufuta jina si kufuta pendo. Nchini Kenya, serikali ilipokataza majina ya kikabila katika michezo, klabu ya Abaluhya ilibadili jina mwaka 1980 ikawa AFC Leopards. Herufi za mwanzo zikabaki zile zile, na washabiki wakaiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Jina lilikwenda, mapenzi yakabaki nyumbani.

Hapa kwetu tumepata mfano wa ajabu zaidi. Wakati wa uhuru nchi ilikuwa na majimbo 10. Mwezi wa Oktoba 2015 ilitolewa amri ya kuyafanya 28. Mwezi wa Januari 2017 yakawa 32. Mwezi wa Februari 2020 yakarudi 10 pamoja na maeneo matatu ya utawala. Terekeka ilikuwa kaunti, ikawa jimbo, ikawa kaunti tena. Ramani ilichorwa na kufutwa, lakini hatukusikia hata siku moja mshabiki wa mieleka akiuliza barazani kama bado anaruhusiwa kuipenda Terekeka. Alichokipenda hakikuwa mstari wa ramani. Kilikuwa mto, zizi, nyimbo za mama zake na vijana aliowaona wakikua.

Kinyume chake pia ni kweli, kwamba mstari uliochorwa na wengine waweza kugeuka kuwa kitu cha kupendwa. Kaunti 32 za kisiwa cha Ireland ziligawanywa chini ya utawala wa Kiingereza, na ya mwisho, Wicklow, ilikamilishwa mwaka 1606. Leo Waayalandi hugawanyika kwa kaunti hizo hizo katika mashindano ya mpira wa Kigaeliki, mpira unaochezwa kwa mikono na miguu, ambayo yameendeshwa tangu mwaka 1887. Wachezaji hawalipwi mshahara. Kila kiangazi washabiki hubishana juu ya nafasi ya kaunti yao kama wale wa chini ya mwembe wetu, wakapima nani ni majeruhi na nani amezeeka. Mahali pa kupenda pakikosekana, mwanadamu hupaumba.

Kwa sababu hiyo twaona kwamba walifanya busara wale walioanzisha mashindano ya Siku ya Umoja wa Taifa hapa Juba, mwezi wa Januari 2016. Vijana waliletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi kushindana katika kandanda na riadha. Hawakuambiwa wasahau watokako; kila mmoja alisimama kwa ajili ya kwao. Ila walilala mahali pamoja na kula pamoja, na aliyeshindana naye mchana ndiye aliyeomba chumvi kwake jioni. Waandalizi hawakuzifuta pande, waliziketisha pamoja.

UDHAIFU WA ASIYE NA UPANDE

Sasa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Wiki ile ya pambano, wanafunzi wetu walituuliza darasani, "Mwalimu, nani atashinda?" Darasani walikuwamo watoto wa pande zote mbili, na wengine wasio wa upande wowote. Tukajibu, kwa sauti ya busara, "Wote ni wazuri. Mchezo ni kufurahi tu." Darasa zima lilicheka, na hawakutuuliza tena.

Tulidhani tumekuwa waadilifu. Baadaye tukatambua kwamba tulikuwa waoga. Goti tulilijua, lakini hatukuombwa tulitoe, wala haikuwa haki yetu kulitoa. Tulichoombwa ni kupima, nasi tukakataa kupima. Kusema "wote ni wazuri" kabla ya kuwatazama si kuwapa wote haki, ni kuwanyima wote, maana aliyejitahidi na asiyejitahidi wametiwa kapu moja. Mwalimu asahihishaye insha akawapa wanafunzi wote alama 50 ili asimwudhi mtu hajawa mwadilifu. Ameacha kazi yake.

Mwanafalsafa wa Uskoti, Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1759 juu ya hisia za maadili, alifundisha kwamba kila mtu ampimaye mwenziwe, au ajipimaye mwenyewe, na afikirie jinsi mambo yangeonekana kwa mtazamaji asiyependelea. Fundisho hili laweza kueleweka vibaya, kana kwamba mtazamaji huyo ni mtu baridi asiyejali chochote. La hasha. Ni mtu ambaye twamweka ndani ya nafsi zetu wenyewe, tukiwa bado tunapenda na kuchukia, ili atuzungushe kama mwamba ngoma azungukavyo. Hatuambiwi tuache kuvuta, twaambiwa tukatazame upande wa pili kabla ya kukaza kamba.

Isitoshe, aliye na upande mara nyingi huona zaidi. Wale wabishi wa chini ya mwembe walijua kimo, uzito, majeraha na historia ya kila kijana. Mtu asiyejali angejuaje? Pendo ndilo lililowafanya watazame. Kwa hiyo si kweli kwamba upenzi hupofusha macho siku zote. Humfumbua mtu macho kwa jambo moja, na hatari yake ni kumfanya ayafumbe kwa jambo la pili.

SHINDA, SHINDWA, SHINDANA

Sisi tulio walimu wa Kiswahili tuna bahati, kwa kuwa lugha yetu imelihifadhi fundisho hili katika shina moja la kitenzi. Kutoka shina shind- twapata kushinda, kushindwa na kushindana. Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendana zimetoka tumbo moja na kauli ya kutenda. Mtu hawezi kushinda mahali ambapo hapana awezaye kushindwa, na hawezi kushindana peke yake. Kiambishi -an- kinadai watu wawili. Hali ni hiyo hiyo katika kubishana: anayebisha peke yake hubishia hewa.

Tazameni sasa neno adui. Neno hili halitokani na kitendo cha kutendeana. Adui twaweza kumtaka asiwepo kabisa, na akitoweka twashukuru. Mshindani akitoweka, mchezo umekwisha, nasi tumepoteza. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya maneno haya mawili, na katika mji uliokwisha kuona maadui wa kutosha, ni tofauti inayostahili kufundishwa kwa makini kuliko ngeli za majina.

Liko jambo jingine ambalo kisa cha mwembe kilituonyesha. Juma lililofuata tulimsikia yule kijana wa Bor akiwasimulia wenziwe habari za pambano. Hakuanza na mabega ya mshindi wala nyimbo za mama zake. Alianza hivi: "Mzee wa Terekeka mwenyewe amesema mtoto wetu ana nguvu." Sifa alizopewa na watu wake zilikuwa nyingi, naye aliziacha zote, akashika hii moja. Kwa nini? Kwa sababu sifa ya wa kwetu haina uzito. Angetusifu hata tungeanguka. Ushahidi wa kweli juu ya ushindi wetu uko mikononi mwa yule tuliyemshinda. Akiwa mwongo, ushindi wetu unabaki nusu. Twamhitaji awe mkweli kama tunavyomhitaji awe hodari.

Mfano mkubwa zaidi tuliuona mwaka 2024. Tarehe 20 Julai, mjini London, timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini ilicheza mechi ya kujipima nguvu na Marekani. Wengi duniani walitabiri tofauti ya pointi nyingi mno. Marekani ilishinda kwa 101 dhidi ya 100, kwa kikapu cha sekunde za mwisho. Siku nane baadaye, katika Michezo ya Olimpiki nchini Ufaransa, timu yetu iliifunga Puerto Rico kwa 90 dhidi ya 79. Na tarehe 31 Julai Marekani ikaishinda tena, safari hii kwa 103 dhidi ya 86. Siku hizo mtu wa Terekeka na mtu wa Bor walikaa benchi moja mbele ya televisheni. Ile pointi moja ya London ilikuwa kushindwa, na hakuna aliyeiita jina jingine. Lakini ilitajwa kwa fahari, kwa kuwa aliyeshinda alilazimika kutoa jasho mbele ya ulimwengu. Heshima ile haikuhitaji kisingizio.

Mwanafalsafa wa Marekani, Josiah Royce, aliandika mwaka 1908 kitabu juu ya uaminifu. Alisema kwamba uaminifu wa mtu kwa jambo lake ni mwema pale unapouheshimu na kuukuza uaminifu popote ulipo, hata ule wa mwenziwe aliye na jambo jingine. Tukilileta fundisho hilo barazani, ni kama kusema hivi: ukiipenda Terekeka kwa kweli, utamwelewa kuliko mtu yeyote yule aipendaye Bor, kwa sababu unajua kwa moyo wako kitu kinachomwamsha alfajiri kwenda uwanjani. Asiyependa mahali popote hawezi kumwelewa. Mwenye chuki, ambaye ameugeuza upenzi kuwa silaha, naye hawezi. Mshabiki wa kweli anaweza, akitaka.

DARASANI

Twakiri kwamba hoja hazizuii rungu. Mtu aliyeazimia kupigana hatasimamishwa na kiambishi -an-, na hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba mieleka itamaliza ugomvi wa ng'ombe na malisho. Mambo hayo yana mahakama zake, wazee wake na serikali yake. Sisi tumepewa sehemu ndogo, yaani vijana wachache, saa chache, na lugha. Katika sehemu hiyo tumejaribu zoezi moja, ambalo twalieleza hapa kwa ajili ya walimu wenzetu wanaofundisha mijadala.

Wanafunzi hugawanywa pande mbili juu ya jambo wanalolipenda kweli, si juu ya mada kavu ya kitabuni. Sisi tuliwapa pambano la Terekeka na Bor. Kanuni ni tatu. Kwanza, kabla ya kuutetea upande wake, kila msemaji ataje nguvu moja ya upande wa pili, na aitaje mpaka upande huo wenyewe ukubali kwamba ameitaja sawasawa. Pili, halazimishwi kutaja udhaifu wa upande wake, ila asiukane ukitajwa kwa ushahidi. Tatu, mjadala ukiisha, hakuna ruhusa ya kutoa sababu mpya za kushindwa.

Kanuni ya kwanza ndiyo iliyokuwa ngumu kupita zote. Mwanafunzi mmoja alisimama kimya kitambo kirefu, wenziwe wakimcheka, kabla ya kusema kwamba vijana wa upande wa pili hawachoki upesi. Upande wa pili ukakataa, wakisema hiyo ni sifa ya punda. Akajaribu tena: wanajua kungoja, hawamvamii mtu mpaka aonyeshe mguu wake. Hapo wakanyamaza, wakatazamana, wakakubali. Kisha akaanza kuutetea upande wake, na tuliona kwamba walimsikiliza kwa namna ambayo hawakuwa wamemsikiliza mtu yeyote siku ile.

Kwa upande wa lugha, zoezi hili hufaa kufundishia viunganishi vya kukubali na kupinga kwa pamoja, kama vile ijapokuwa, hata hivyo, ilhali na licha ya. Maneno haya wanafunzi wetu wa Juba huyapata kwa shida, kwa sababu mjadala waliouzoea huwa na "ndiyo" na "hapana" tu. Twawaomba walimu wenzetu walijaribu zoezi hili kwa michezo ya kwao, iwe ni Simba na Yanga, iwe ni Gor Mahia na AFC Leopards, au mashua za pwani, kisha watuandikie matokeo yake. Tungependa hasa kujua ni kanuni gani kati ya hizo tatu iliyowashinda wanafunzi wao, na kama kuna aliyepata ya nne.